Kufunga Dishi la Televisheni Nyumbani bila Kuita Fundi

Kufunga dishi hakuhitaji nguvu nyingi. Kunahitaji nguzo iliyosimama wima na mkono usio na haraka. Setilaiti zinazotuletea matangazo ziko juu ya ikweta, umbali wa takriban kilomita 36,000, na kwa kuwa huizunguka dunia sambamba na mzunguko wa dunia yenyewe, sisi tulio chini huziona kama zimetulia mahali pamoja. Kwa sababu hiyo dishi likishalengwa sawasawa halihitaji kuguswa tena. Ugumu wote uko katika kulenga: dishi la sentimita 90 hupokea kutoka kipande cha anga chenye upana wa nyuzi 2 hivi tu, na juu ya bomba lenye kipenyo cha sentimita 5, nyuzi 1 ni msogeo usiofika hata nusu milimita. Anayelisukuma dishi kwa kishindo huipita setilaiti mara kumi bila kujua.

Tuchukue mfano wa Dar es Salaam na setilaiti iliyoko juu ya longitudo ya nyuzi 7 mashariki, ambayo ndiyo inayobeba matangazo ya Azam TV. Ukisimama jijini humo, setilaiti hiyo iko upande wa magharibi ukielekea kidogo kaskazini, yaani takriban nyuzi 281 kwenye dira, na mwinuko wake kutoka upeo wa macho ni nyuzi 52 hivi. Mwanza mwinuko hufika karibu nyuzi 60 na dira husoma takriban 275. Anayefunga dishi la kampuni nyingine asitumie tarakimu hizi, kwa maana setilaiti ya nyuzi 36 mashariki, kwa mfano, ukiwa Dar es Salaam iko karibu na utosi kabisa, kwenye mwinuko wa nyuzi 81.

Kabla ya kutoboa ukuta, simama mahali unapokusudia kufunga na utazame upande huo wa anga. Kwa mwinuko wa nyuzi 52, kila mita moja ya mti au ukuta inayozidi kimo cha dishi inataka umbali wa takriban sentimita 80 kutoka kwenye dishi. Dishi langu la kwanza nililielekeza juu ya mwembe mchanga wa jirani, likafanya kazi vizuri kabisa kwa misimu miwili, kisha picha ikaanza kukatika kila upepo ulipovuma. Nilibadilisha waya na kichwa, yaani kile kifaa kidogo kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, bure kabla sijainua macho kuuona mti ulivyokua. Jihadhari pia na nyaya za umeme zilizo karibu, na usipande paa la bati lililolowa kwa sababu yoyote ile.

Nguzo ifungwe kwa bolti zinazoshika barabara ukutani au isimikwe kwa zege, kisha ipimwe kwa pima maji pande mbili, mbele na ubavuni. Hatua hii ndiyo wengi huiruka. Nguzo ikiinama, mwinuko hubadilika kila unapolizungusha dishi kushoto au kulia, na vipimo vilivyoandikwa kwenye kishikio cha dishi havitakuwa na maana tena. Usishangae dishi lenyewe likionekana limesimama zaidi ya ulivyotarajia: madishi haya ya majumbani hupokea mawimbi kwa pembe, yakayarudisha kwenye kichwa kilichowekwa chini kidogo, hivyo kwa mwinuko wa nyuzi 52 uso wake hulala nyuma kwa nyuzi 27 hivi tu.

Unapounganisha waya, king'amuzi kiwe kimechomolewa kwenye umeme. Menya ncha kwa uangalifu ili unyuzi hata mmoja wa wavu wa nje usiguse shaba ya katikati, kaza konekta, kisha uzungushie utepe usiopitisha maji. Tumia waya mmoja mzima kutoka dishini hadi sebuleni, kwa sababu kila kiungo hupunguza mawimbi na kukaribisha kutu.

Sasa washa king'amuzi na ufungue ukurasa wa mipangilio ya mawimbi. Utaona mistari miwili, mmoja wa nguvu na mwingine wa ubora. Mstari wa nguvu hudanganya, kwani huweza kupanda hata dishi likitazama anga tupu, fuata ubora. Weka mwinuko kwa kipimo cha kishikio, kaza bolti nusu tu, kisha lizungushe dishi polepole kutoka kusini-magharibi kuelekea kaskazini-magharibi, ukisimama sekunde chache kila baada ya msogeo mdogo, maana king'amuzi huchukua muda kuyatambua mawimbi. Usipopata kitu, ongeza au punguza mwinuko kwa nyuzi 1 na uanze upya. Mtoto anayepaza sauti kutoka sebuleni husaidia, lakini televisheni ndogo iliyotolewa nje husaidia zaidi.

Ukishapata ubora, usiridhike na picha ya kwanza. Sogeza dishi kushoto mpaka ubora uanze kushuka, weka alama, fanya vivyo hivyo kulia, kisha liweke katikati ya alama hizo mbili. Rudia kwa mwinuko. Baada ya hapo legeza kichwa na ukizungushe taratibu ndani ya kishikio chake. Kadiri unavyoishi karibu na ikweta na setilaiti inavyokuwa mbali upande mmoja, ndivyo kichwa kinavyohitaji kuzungushwa zaidi, na hapo ndipo zinapopatikana zile chaneli ambazo watu hudhani zimefungwa. Akiba hii ya ubora ndiyo itakayobeba picha wakati wa masika, kwa kuwa mvua kubwa hupunguza mawimbi hata kwa dishi lililolengwa vyema.

Kaza bolti kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, ukiutazama mstari wa ubora, kwa sababu spana yenyewe hulisogeza dishi. Waya uning'inie kidogo chini ya tundu kabla ya kuingia ndani, ili maji yadondoke nje. Mwishowe chora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika, kuanzia kwenye kishikio hadi kwenye nguzo. Upepo ukilisogeza dishi, utajua pa kulirudisha.