Somo: Jinsi vyombo vilivyotua Mirihi vinavyopigwa picha kutoka angani, na jinsi ya kuvitambua

Ndugu wanakikundi, katika somo hili tutatumia kamera moja tu, HiRISE, iliyomo ndani ya chombo cha Marekani kiitwacho Mars Reconnaissance Orbiter, kilichofika Mirihi mwezi Machi 2006. Nimeichagua kwa sababu picha zake hutolewa kwa umma bila malipo, na aliyeko Soroti anaweza kuzifungua sawa na aliyeko Tucson, Arizona, zinakotayarishwa, mradi bando lisimwishie njiani.

Hatua ya kwanza ni kujua kipimo. Chombo hicho huzunguka kwenye kimo cha kilomita 250 hadi 316, yaani karibu na safari ya Kampala hadi Mbarara iliyosimamishwa wima, na kwa umbali huo kila pikseli, yaani nukta moja ya picha, hubeba takriban sentimita 25 hadi 30 za ardhi. Piga hesabu kabla hujaanza kutafuta. InSight, kilichotua Novemba 2018, kilikuwa na upana wa mita 6 hivi paneli zake za sola zikiwa zimekunjuliwa, kwa hiyo kitachukua pikseli ishirini na kitu. Curiosity, chombo chenye magurudumu na urefu wa mita 3 hivi, kitachukua kumi au zaidi kidogo. Asiwepo anayetarajia kuona magurudumu.

Hatua ya pili ni kulenga. Chombo hakisimami juu ya shabaha. Kikiona iko pembeni ya njia yake, hulala ubavu kizima, hadi digrii 30, kikaitazama kwa mshazari. Ardhi hupita chini yake kwa zaidi ya kilomita 3 kwa sekunde, maana yake sentimita 25 hupita kwa muda usiofika sehemu 1 ya 10,000 ya sekunde, na muda huo hautoshi kukusanya mwanga. Dawa yake ni vihisi vinavyohamisha picha mstari kwa mstari kwa kasi ile ile ya ardhi, hata doa moja likapimwa hadi mara 128 na vipimo vyake kujumlishwa. Picha inayopatikana ina upana wa kilomita 6, lakini rangi zimo katika utepe wa kati tu, kilomita 1.2.

Hatua ya tatu ni saa. Mzingo umepangwa ili kamera ipite juu ya eneo wakati wa mchana wake ikiwa ni kama saa tisa alasiri ya huko. Aliyewahi kusimama Kayabwe penye mstari wa ikweta mwezi Machi saa sita mchana anajua kivuli kinavyojificha chini ya viatu. Picha ya wakati huo ingekuwa bapa. Saa tisa kivuli kimelala, na mara nyingi ni kivuli kinachotangulia kukuonyesha kwamba hapo kuna kitu kilichosimama.

Hatua ya nne ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu wanatafuta umbo. Usitafute umbo, tafuta badiliko. Fungua picha ya eneo lile lile iliyopigwa kabla ya kutua, uiweke kando ya ile ya baadaye, kisha uliza ni nini ambacho hakikuwapo: doa jeupe la parachuti, ngao ya joto iliyoanguka peke yake, na hasa baka jeusi pale ambapo injini zilipuliza vumbi jepesi likaondoka. Baka hilo hupita chombo chenyewe kwa ukubwa mara nyingi. Lakini halidumu. Nyumba iliyoezekwa mabati mapya kando ya barabara ya murram hung'aa ukiiona kutoka mlimani, na kiangazi kimoja baadaye paa na barabara ni rangi moja. Ndivyo ilivyokuwa kwa InSight, ambacho vumbi lilikinyima umeme hadi kazi ikakoma Desemba 2022, na katika picha ya Oktoba 2024 paneli zake zimeshika wekundu wa ardhi iliyokizunguka.

Maswali ya wanakikundi

Kutoka Gulu: Mwalimu, mbona vyombo huonekana vya buluu?

Jibu: Rangi hizo zimetiwa chumvi. Kamera hupima infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), nyekundu, na buluu-kijani, kisha vipimo hivyo huonyeshwa kama nyekundu, kijani na buluu. Vumbi la Mirihi hurudisha zaidi wekundu. Kitu kisicho na vumbi, kikilinganishwa nalo, huelemea buluu.

Kutoka Fort Portal: Picha ya chombo kikiwa bado kinaning'inia kwenye parachuti ilikuwa bahati?

Jibu: Sivyo. Phoenix, chombo kingine cha Marekani, kilipigwa hivyo kikitua tarehe 25 Mei 2008, na Curiosity Agosti 2012, baada ya njia ya kushuka kukokotolewa mapema na kamera kuelekezwa mahali ambapo chombo kilitarajiwa kuwa.

Kutoka Jinja: Je, kilichopotea kinaweza kupatikana?

Jibu: Beagle 2 cha Uingereza kilinyamaza Desemba 25, 2003, na Januari 2015 ikatangazwa kwamba kimeonekana, kimetua, lakini paneli zake hazikufunguka zote. Kilichowapa watafiti imani ni kwamba mng'ao wake ulihama kutoka picha moja hadi nyingine, jambo ambalo jiwe halifanyi. Hata hivyo, msikimbilie kutangaza. Mwaka 2005 ilidhaniwa kwamba Mars Polar Lander, kilichopotea Desemba 1999, kimeonekana katika picha za chombo cha awali. Zilipokuja picha kali zaidi, dai likaanguka.

Kutoka Mbale: Nina simu tu. Nianzie wapi?

Jibu: Usipakue faili kamili, kwani huweza kufika mamia ya megabaiti. Anza na nakala ndogo ya eneo la kutua la Phoenix, linganisha picha za miaka miwili tofauti, na utuandikie ulichokiona kimebadilika.