Kufunga mota ya flapu katika ndege ya kujijengea

Kila fundi anayejijengea ndege hufika siku akaketi kwenye kiti cha rubani, akaushika wenzo wa flapu (vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ili ndege itue polepole), na kuona kwamba unamlazimu ainame na kuondoa macho kwenye uwanja wakati hasa wa kutua. Hapo ndipo wengi wetu huanza kuifikiria mota ya umeme. Kwa ndege ndogo ya watu wawili yenye betri ya volti 12, kazi hii haimshindi fundi makini. Hata hivyo, kabla hujanunua chochote, amua jambo moja ambalo mengine yote yanalitegemea: flapu ya kushoto na ya kulia zisukumwe na mota moja, kupitia mhimili mmoja wa chuma unaoziunganisha.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu wazo la mota mbili, kila bawa na yake, huvutia sana, kwani humwondolea fundi taabu ya kupitisha mhimili chini au nyuma ya viti. Tatizo ni kwamba mota mbili hazilingani kamwe. Moja hutangulia nyingine, na siku fyuzi ya upande mmoja itakapokatika, bawa moja litakuwa na flapu iliyoshuka nyuzi 30 huku jingine halina kitu, na ndege itaanza kulalia upande ule usioshusha flapu. Ukiwa mita 100 juu ya ardhi huna nafasi ya kutafuta kosa liko wapi. Mhimili ukiwa mmoja na imara, mota ikifa flapu zote mbili hubaki pale pale zilipo, na ndege bado inaongozeka. Ikiwa unajenga kwa michoro ya mbunifu, michoro hiyo ndiyo yenye neno la mwisho. Na uzungumze mapema na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, maana badiliko la aina hii si la kuarifiwa baada ya kazi kwisha.

Hatua inayofuata ni kukokotoa nguvu inayohitajika. Tuseme kasi ya juu kabisa ya kushusha flapu, yaani mwisho wa tao jeupe kwenye geji ya kasi, ni noti 70, sawa na mita 36 kwa sekunde. Shinikizo la hewa kwa kasi hiyo ni karibu paskali 794, hivyo flapu mbili zenye eneo la mita za mraba 0.4 kila moja zitabeba kiasi cha nyutoni 635. Flapu ikiwa na upana wa sentimita 30, chukulia kwamba mzigo wote umekaa katikati, sentimita 15 kutoka kwenye bawaba. Kwa kawaida huwa karibu zaidi na bawaba, na tofauti hiyo ni akiba yako. Kama mkono wa mhimili, ule unaosukumwa na mota, una sentimita 10, mota itatakiwa kusukuma kwa nyutoni 950 hivi, sawa na kuinua kilo 97. Mimi huzidisha kwa 1.5 na kutafuta mota ya nyutoni 1,430 au zaidi. Mwinuko wetu haubadilishi hesabu hii: geji ya kasi hupima shinikizo hilo hilo la hewa, kwa hiyo noti 70 zinazosomeka kwenye uwanja wa Kajjansi, karibu na Kampala, huisukuma flapu kwa nguvu ile ile ya noti 70 zinazosomeka Mombasa.

Chagua mota ya fimbo, ile yenye skrubu ndani inayoisukuma fimbo nje na kuirudisha, kwa kuwa iliyo bora hushikilia mzigo hata umeme ukikatika. Mwendo wote, kutoka juu hadi chini, uchukue sekunde 6 hadi 10. Katika Soko la Kisekka jijini Kampala utapata mota za vioo vya magari kwa bei nafuu, nami najua zinavyotamanisha. Nyingi zina kinga ya ndani inayokata umeme zikipata joto na kuurudisha zikipoa. Garini hiyo ni faida, lakini angani ni flapu iliyokwama bila sababu unayoweza kuiona. Mabano ya kushikilia mota, mafundi wa Katwe watakuchomelea vizuri, mradi uwapelekee chuma unachokijua aina yake, kama 4130, badala ya kuwaachia waokote kilichopo.

Palipo na hatari kubwa kuliko pote ni kwenye kichwa cha fimbo, yaani kiungo chenye beringi kilichoskrubiwa kwenye ncha yake ili kuiunganisha na mkono wa mhimili. Nilipofunga mota yangu ya kwanza, niliikaza nati ya kukifungia kichwa hicho kwa spana nikaridhika. Siku ya nne ya majaribio, ndege ikiwa chini, mota ilinguruma lakini flapu hazikusogea. Nililala chini ya bawa na tochi, nikaona milimita kadhaa za nyuzi za skrubu zikimetameta mahali ambapo asubuhi hapakuonekana kitu. Fimbo ilikuwa inajizungusha badala ya kwenda mbele, na kwa kila mzunguko ilijifungua kidogo kutoka kwenye kichwa chake. Tangu siku hiyo hutoboa nati na kichwa, nikavifunga pamoja kwa waya wa usalama, kisha nikachora mstari wa rangi ya kucha unaovuka viungo vyote viwili. Mstari ukivunjika, kuna kilichozunguka. Bolti za viungo hivi ziwe za ndege, zenye nati za taji na spliti pini, na kila beringi ya kichwa iwekewe washa pana ili ikichakaa isichomoke.

Umeme ni rahisi zaidi. Tumia swichi ya njia mbili inayorudi katikati yenyewe ukiiachia, na inayogeuza chanya na hasi za mota. Kila mwisho wa mwendo uwe na swichi ya kikomo yenye diodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) sambamba, ili mota ikikatiwa umeme upande mmoja iweze kurudi upande wa pili. Diodi ikigeuzwa, mota haitasimama kikomoni. Waya namba 16 wenye nyuzi nyingi na ganda la kuhimili joto unatosha kwa ndege nyingi ndogo, pamoja na kikata umeme cha ampea 10 kinachoweza kuvutwa kwa mkono swichi ikinasa. Waya wa nyumba usiutumie: wenye uzi mmoja hukatika kwa mtetemo, na ganda lake likiungua hujaza chumba cha rubani moshi wa sumu. Sokota nyaya mbili za mota pamoja ili redio isikwaruze.

Jaribio la mzigo hufanyika kwa mizani ya ndoana, kama zile wanazopimia samaki. Ndege ikiwa imefungwa imara, watu wawili wavute kingo za nyuma za flapu kwenda juu, kila mmoja kwa kilo 24 kwa mfano wetu (mzigo tuliokokotoa mara 1.5), huku wewe ukishusha flapu na kusoma ampea. Rudia mara 50, ukiiacha mota ipoe kila baada ya chache.

Angani, anza juu sana, chini ya kasi ya tao jeupe, na ushushe nyuzi 10 kwanza. Ndege ikilalia upande, rudisha flapu papo hapo ulikozitoa. Kisha zoea kuzipandisha hatua kwa hatua, kwa sababu Entebbe iko mita 1,153 juu ya usawa wa bahari, na saa nane mchana, joto likiwa nyuzi 30, hewa huwa nyepesi kama ya mita 2,000 hivi. Ukiahirisha kutua, injini haina nguvu ya kufidia flapu zilizopandishwa zote kwa mkupuo.

Baada ya saa 10 za kuruka, kisha kila saa 25, fungua kifuniko, futa vumbi jekundu la murramu kwenye fimbo kwa kitambaa kikavu, na uutazame mstari wa rangi ya kucha.