Injini ikitoka ovahoo: mambo ya kuzingatia kabla hujaingia barabarani

Mwenye gari jipya la dukani asome kitabu chake, kinatosha. Nasema na wewe ambaye injini yako imefunguliwa gereji, ikawekwa ringi (pete za pistoni) na beringi mpya. Kilomita 1000 za mwanzo ndizo zitakazoamua kama pesa yako imefanya kazi au imepotea.

Kabla ya kuwasha: oili ifike alama ya juu, chujio liwe jipya, rejeta ijazwe kulanti, siyo maji ya bomba. Oili ya kwanza iwe ya kawaida; sinthetiki isubiri. Fundi achomoe plagi, akate mafuta, apige stata mpaka taa ya oili izime. Ndipo azirudishe awashe.

Ikishawaka, usiiache kwenye sailensa, yaani ikiunguruma taratibu gari limesimama. Hapa nakazia, maana nimeona mtu akiumia. Jirani yangu ana Noah ya kubeba watu wa harusi. Fundi alimwambia aiache iungurume toka asubuhi mpaka jioni, eti ijizoeshe. Akatii. Baada ya hapo akawa anaiendesha kwa huruma, kilima kidogo tu anakiogopa. Haikuchukua muda, moshi wa bluu ukaanza, na kila akichomoa stiki, oili imeshuka. Kufungua: silinda zinang'aa kama kioo! Ile mistari myembamba inayokatizana, inayochorwa makusudi silinda zinaposuguliwa, ilikuwa imezibwa na utando wa oili iliyoungua. Ringi husukumwa ukutani na nguvu ya mlipuko wa mafuta, na kwenye sailensa nguvu hiyo ni ndogo mno, ringi hazikai sawa ukutani, oili inapita na kuungua. Silinda zikasuguliwa upya, akanunua ringi nyingine, gasketi nyingine, na harusi za baada ya Ramadhani zikampita hivihivi.

Kwa hiyo kagua uvujaji kwa dakika chache, kisha ondoka. Tafuta barabara isiyo na foleni, gia ya tatu, kanyaga mafuta nusu kutoka 40 hadi 70, achia mguu gari lipungue lenyewe, rudia tena na tena. Mizunguko ya injini isizidi 3500 kwa dakika. Usishike mwendo mmoja Dar mpaka Morogoro, usivute tela, usijaze abiria.

Zikifika kilomita 500, mwaga oili na ubadilishe chujio. La zamani lipasue ulitazame: vumbi laini la chuma ni kawaida, vipande vinavyoonekana wazi vikurudishe gereji siku hiyohiyo. Pima oili kila asubuhi gari likiwa tambarare, angalia mshale wa joto kila mara, na usimwazime mtu gari kipindi hicho, hata awe shemeji.