Kabla urushe droni kupima shamba la mtu, soma hii kwanza

Betri zijae, memori kadi iwe tupu, vibali vya KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga Kenya) viwe sawa, chifu ajue unakuja. Hizo hata sielezi. Na karibu na uwanja wa ndege wa Kisumu usirushe kitu bila ruhusa, hao hawachezi.

Rusha asubuhi. Mchana upepo wa ziwa ukishaanza mpunga unacheza, na programu huunda ramani kwa kutafuta kitu kilekile kwenye picha kadhaa, sasa kama kila picha jani limehama itashika nini? Majaruba yenye maji ni shida zaidi, yanang'aa tu. Picha zipandane asilimia 80 mbele na 70 pembeni, usipunguze ati ndio betri itoshe.

Sasa alama za chini, zile unaweka shambani na kupima mahali zilipo ndio programu ijue ramani ikae wapi. Hapa ndio niliumia. Kazi ilikuwa Ahero, mzee anataka ramani ya kuchimba mtaro wa kutoa maji. Nikapaka gunia tano rangi nyeusi na nyeupe, moja kila kona na moja katikati, nikapima zote na RTK (GPS ya kupima kwa sentimita), nikaenda kunywa chai. Kurudi ile ya katikati haipo, mama mmoja ameitandika kando ya nyumba anaanika mpunga, tena ameitandika poa kuniliko. Nikaona aibu kuiitisha, nikajiambia kona nne zinatosha.

Hazitoshi. Picha zote nilipiga kamera ikiangalia chini wima, na lenzi hupinda picha kidogo, sasa huko kupinda kukijumlika picha mamia, ramani inafura katikati kama chapati kwa kikaango. Kwa kona kila kitu sawa, programu inakuambia kosa ni sentimita mbili, unafurahi, unapeleka. Mzee akaangalia mishale ya maji kwa kompyuta muda mrefu, halafu akaniuliza, "Kijana wangu, haya maji yanapanda kilima gani, na hapa hatuna kilima?" Kano, huko Ahero iko, ni tambarare, nusu mita ya uongo katikati inatosha kugeuza maji yote. Nilirudia kazi na pesa yangu.

Kwa hivyo alama ya katikati ni lazima, piga pia laini kadhaa kamera ikiwa imeinama, na ubakishe alama mbili tatu ambazo programu haijapewa, hizo ndio za kuikagua.

Uliza pia kama bikoni za mipaka ya shamba ni za Arc 1960 ama WGS84, hiyo ni mifumo miwili tofauti ya kuhesabu mahali, ukichanganya shamba linahama karibu mita 300. Na ukitoka huku kwenda Nakuru zoni ya UTM (vile vipande dunia imegawanywa kwa kuchora ramani) inabadilika kutoka 36 hadi 37, mstari unapita kati ya Njoro na tauni yenyewe, wengi hawajui hiyo. Beba kofia, maji ya kunywa, simu iwe na chaji, watoto wakae mbali na panga za droni. Gunia beba kumi, kuna watu wanaanika mpunga.