Kabla ya kutandika laminati juu ya beto: mambo ya kuzingatia

Siku hizi Bukavu kila anayemaliza nyumba anataka sakafu ya laminati, ile yenye sura ya mbao. Sawa, inapendeza, na chumba kimoja fundi anakitandika kwa siku moja. Lakini kazi ngumu iko chini, kwenye beto, na ndiyo watu wanayoiruka. Kabla kartoni ya kwanza haijafunguliwa, hakikisha haya.

Kazi zote za maji ziishe kwanza: lipu, rangi, bomba, vioo vya madirisha. Sakafu ni ya mwisho, hakuna mjadala.

Fagia, halafu fagia tena. Matone ya sima yaliyogandia yachongwe kwa patasi. Kokoto moja ikibaki chini ya sponji (tandiko laini linalowekwa kati ya beto na mbao), utaisikia kila unapokanyaga.

Pima usawa. Chukua ufito wa aluminiamu ulionyooka, wa mita 2, ulaze sakafuni, uuzungushe chumba kizima. Mahali ambapo mwanga unapita chini yake kwa zaidi ya milimita 3, weka alama ya chaki. Kilichoinuka kisagwe, kilichobonyea kijazwe kwa unga wa kusawazishia au kwa mchanganyiko mzuri wa sima, kisha kiachwe kikauke. Fundi akikuambia sponji itameza tofauti hiyo, mkatalie. Wala usiruhusu sponji mbili moja juu ya nyingine: ubao utacheza, na ndimi zinazoushika na mwenzake zitakatika. Chumba kizima kikiwa kimelala kidogo upande mmoja hakina neno sana. Adui ni vibonde.

Sasa unyevu. Hapa naomba usome polepole.

Mama mmoja wa upande wa Muhumba alitandikiwa sebule na vyumba viwili mwezi wa Julai, katikati ya kiangazi. Nyumba yake, kama nyingi za hapa, imekaa kwenye kata: kilima kilichimbwa, udongo ukasukumwa mbele, na ukuta wa nyuma ukajengwa karibu kugusana na udongo uliobaki. Fundi wake aliweka kiganja juu ya beto, akasema imekauka. Kweli juu ilikuwa kavu, hata vumbi lilitoka. Akatandika sponji, akatandika mbao, akalipwa.

Mvua zikarudi Septemba. Kufika Novemba, kingo za mbao katika chumba cha nyuma zilianza kuinuka, mstari kwa mstari, kuanzia kwenye ukuta wa kilimani. Fundi akamlaumu msichana wa kazi kwamba anapiga deki na maji mengi. Maskini yule binti akaanza kufuta kwa kitambaa kilichokamuliwa, na mbao zikazidi kuvimba. Mimi niliitwa wakati chumba kilishaanza kunuka uvundo. Tulipong'oa plinti (vibao vyembamba vya chini ya ukuta) na mbao za kwanza, sponji ilikuwa imelowa chini, ukungu mweusi umeenea, na beto ina rangi iliyokolea kama imemwagiwa ndoo. Kwenye ukuta, usawa wa plinti, chumvi nyeupe ilikuwa imetoka kama unga. Chumba chote kilitupwa. Msichana hakuwa na kosa lolote, na niliomba aambiwe hivyo.

Kilichotokea ni hiki. Beto ina vitundu vidogo sana, na maji ya udongo hupanda ndani yake. Iliyomwagwa bila plastiki chini hunywa kutoka ardhini kila msimu wa mvua. Ikiwa wazi, maji hayo huondoka na hewa bila wewe kuyaona. Ukiifunika, hayana pa kwenda ila kwenye mbao, na moyo wa laminati ni unga wa mbao uliogandamizwa: ukishavimba haurudi.

Kwa hiyo usiamini kiganja. Kata plastiki ngumu ya mita moja kwa mita moja, ibandike juu ya beto, uzibe pande zote nne kwa skochi (utepe wa gundi), uiache siku mbili au tatu. Ukiifunua ukakuta matone, au beto imekolea rangi, usitandike. Fanya hivyo sehemu kadhaa, na lazima karibu na ukuta wa kilimani. Kiangazi kinadanganya: kama ulipima Julai, subiri mvua zirudi upime tena. Karaha ya kungoja ni ndogo kuliko kununua mara mbili.

Beto mpya nayo ina maji yake yenyewe. Baada ya wiki 4 imepata nguvu, lakini haijakauka. Hesabu takriban siku moja kwa kila milimita ya unene, hadi sentimita 5, tena kukiwa na hewa nzuri. Ikiwa nene zaidi, au ni msimu wa mvua, ni miezi.

Hata jaribio likitoka safi, tandaza plastiki ya mikroni 200 chini ya sponji. Vipande vipandane sentimita 20, vizibwe kwa skochi, na kingo zipande kidogo ukutani, zifichwe na plinti. Ila plastiki huzuia mvuke tu. Kama maji yanasukumwa na kilima, yatatafuta ukuta. Huko dawa iko nje: chimba mfereji nyuma ya nyumba, chini kuliko sakafu, uyapeleke maji mbali, na maji ya bati yasidondokee hapo. Ikishindikana, chumba hicho kipe karo (vigae). Hakuna aibu.

Yaliyobaki ni mafupi. Kartoni zilale chumbani saa 48 kabla ya kufunguliwa. Acha nafasi ya milimita 8 hadi 10 kuzunguka kuta zote, kwa sababu mbao hutanuka. Milango ipunguzwe chini mapema. Nunua ziada kidogo ya rangi ileile, maana shehena ijayo inaweza kuja na nyingine. Ukikodi nyumba, muulize mwenye nyumba kama chini ya beto kuliwekwa plastiki. Akisitasita, hesabu kwamba haipo. Na fundi asiyekubali kupima unyevu, mtafutie mwenzake kabla hujampa hata dola ya usafiri.