Kurudi nyuma na gari bila kumgonga mtu

Naendesha Canter ya mizigo Dar es Salaam. Kila siku natia rivasi mara kumi au zaidi: Kariakoo kwenye stoo, Tandale uchochoroni, Tegeta kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Shika hili kabla ya yote: ukirudi nyuma, njia si yako. Mtembea kwa miguu, bodaboda, mkokoteni, gari linalopita, wote wanakutangulia. Hata akupigie honi nani, wewe ndiye wa kusubiri.

Hatua ya 1: Jiandae. Zima redio, teremsha vioo vya milango, washa hazadi. Panga vioo vya pembeni uone ubavu wa gari pamoja na ardhi iliyo karibu na tairi la nyuma. Kama una kamera, ifute; wakati wa kiangazi vumbi huifunika siku moja tu.

Hatua ya 2: Elewana na utingo. Asimame nyuma upande wa kulia, upande wako, mahali ambapo hawezi kubanwa na ukuta. Kubalianeni ishara kabla gari halijatembea: mkono juu ni simama. Akipotea kwenye kioo, kanyaga breki hapohapo, usimtafute huku gari linakwenda. "Njoo, njoo" na makofi ya bodi humezwa na kelele za Kariakoo. Na awe mmoja tu. Vijana wa mtaani hujitolea watatu kwa pamoja, kila mmoja na maelekezo yake. Washukuru, mtazame utingo wako.

Hatua ya 3: Zunguka gari kwa miguu. Hii usiiruke kamwe. Anzia mlango wako, pita nyuma, tokea mbele. Inama utazame chini ya bodi na nyuma ya kila tairi. Asubuhi moja Tandale nilikuta mtoto amechuchumaa nyuma ya tairi la kushoto, anachota mchanga kwa kijiko na kuujaza kwenye kifuniko cha ndoo. Vioo vyangu vilikuwa safi, na hakuna hata kimoja kilichonionyesha nywele zake. Nilimbeba hadi kwa mama yake, nikarudi kukaa kwenye usukani, na ilinichukua muda kuwasha gari kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka. Ukishazunguka, panda uondoke papo hapo. Simu ikikuchelewesha, shuka uzunguke upya.

Hatua ya 4: Rudi polepole kuliko mtu anayetembea. Ukikata usukani kulia, nyuma inakwenda kulia na pua inafagia kushoto. Hapo ndipo bajaji iliyoegeshwa ubavuni hukwaruzwa, kwa sababu dereva amekodolea macho nyuma tu. Zungusha macho: kioo cha kulia, cha kushoto, mbele, tena. Ukiwa na tela ni kinyume: usukani kulia, tela kushoto. Ukiingiwa na shaka, vuta handibreki, shuka ukaangalie.

Hatua ya 5: Barabara kuu usiingie kinyumenyume. Ingia uwanjani kwa rivasi, ili baadaye utoke pua mbele ukiona magari ya pande zote mbili. Ukipita njia uliyotaka kukata, endelea mpaka mahali pa kugeuza. Kwenye kipilefti, aliye kulia kwako apite kwanza; kwenye zebra, mwenye miguu.

Mlimani kuna jambo lake. Kwenye njia nyembamba kama ile ya Mombo kwenda Lushoto, anayeshuka ampishe anayepanda na mzigo, kwani gari lililoshiba likisimama kwenye mwinuko linaweza kuserereka kabla klachi haijashika. Kama wewe ndiye unayeshuka na sehemu pana iko nyuma yako kidogo, ni wewe wa kurudi. Mwashie taa ajue umemwona, vuta handibreki, ushuke utazame nyuma kwanza.