Sumaku nyumbani: kutoka spika mbovu hadi dira

Sumaku usinunue. Mwombe fundi redio yeyote wa mtaani kwako spika iliyokufa. Nyuma yake pana sumaku nyeusi ya duara, nene kama bangili ya kizamani, na mtoto hawezi kuimeza. Vile visumaku vidogo vinavyong'aa msiwape wadogo kabisa. Akimeza viwili vitavutana tumboni na kubana utumbo. Hapo ni hospitali moja kwa moja, si kungoja choo.

Hatua ya 1. Kusanyeni vitu vya jikoni: kijiko, sufuria, kizibo cha soda, msumari, pete, mbuzi ya kukunia nazi. Kabla ya kugusisha, kila mtoto aseme: kitanasa au hakinasi? Msiruke hapa, maana somo lenyewe ndilo hili. Wengi wataapa kwamba sufuria itanasa, na sufuria zetu nyingi ni za alumini. Mbuzi ndiyo huzua kelele: chuma chenye meno kinanasa, kibao hakinasi. Dhahabu na shaba nazo hazivutwi.

Hatua ya 2. Tia pini ndani ya glasi ya maji, uipandishe kwa sumaku ukiwa nje ya glasi. Dakika mbili zatosha.

Hatua ya 3. Hii ni ya dira, msiwe na haraka. Sugua sindano ya kushonea kwenye sumaku mara 40, toka tunduni hadi nchani, upande mmoja tu. Ukifika nchani inua mkono, urudi tunduni. Ukisugua huku na huku unabomoa ulichojenga. Ilaze juu ya kipande chembamba cha povu lile jeupe la maboksi ya runinga, ielee kwenye bakuli la plastiki. Sumaku ipelekeni mbali. Sindano itajizungusha polepole, ilale kaskazini na kusini. Isukume kwa kidole, itarudi palepale, kwa sababu dunia nayo ni sumaku.

Mtoto atauliza, kaskazini umeijuaje? Watu wa Mombasa jibu tunalo mswalani. Makka iko karibu kaskazini yetu kamili: sisi tuko longitudo 39.7 mashariki, Makka 39.8. Basi sindano ilale sambamba na kibla ya msikiti wa mtaani.

Maswali

*Mama Salma, Kisauni:* Mwalimu, yetu kila mara inakwenda kuganda ukingoni mwa bakuli.
Jaza maji mpaka yatake kumwagika, mama, itakaa katikati. Na feni zima.

*Baba Juma, Likoni:* Ya kwetu ncha inatazama huku kwetu kusini, na tundu ndilo linaloelekea kibla. Tumekosea?
Hamjakosea. Mmesugulia uso wa pili wa sumaku. Igeuze, usugue upya, ncha itahamia kaskazini.

*Bi Khadija, Majengo:* Je, simu haitaharibika?
Dira ya ndani ya simu huchanganyikiwa ikiwa karibu na sumaku. Kinachonitia hofu zaidi ni kadi ya benki yenye mstari mweusi. Hiyo iache kabatini.